Sanaa shirikishi kwa Siku ya Wakimbizi, 20 Juni: hema, foleni ya maji na ubao wa kuandikia

rangi_na_turubai ameuliza:

Wakuu, habarini za kazi.

Kikundi chetu cha watu 9 kinaandaa kazi ya sanaa shirikishi kwa Siku ya Wakimbizi Duniani, hapa Dar es Salaam, kwenye uwanja wa wazi ambao watu hukatiza wakitoka kituo cha daladala kwenda sokoni. Eneo ni mita 12 kwa 8, nusu lami, nusu udongo. Siku 3, saa 4 asubuhi hadi saa 11 jioni. Umeme hakuna. Wenzetu wawili ni wakimbizi, mmoja wa Burundi na mwingine wa Kongo, na wana vibali vya kuwepo mjini.

Mpaka sasa tumefikiria hema la turubai watu waingie, madumu ya maji wabebe, kadi za vitu ili mtu achague angekimbia na nini, na ubao mkubwa wa maoni wenye kichwa "Unawaonaje wakimbizi milioni 120 duniani?"

Tunaomba ushauri. Vipimo gani ni vya kweli, ili mtu aliyeishi kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu au Kakuma asije akasema tumedanganya? Hema tulijengeje lisichukuliwe na upepo? Ubao upakwe nini? Na zaidi ya yote, tufanyeje pasigeuke mahali pa kupigia picha na kucheka? Fedha ni kidogo, mikono ipo.

---

fundi_mwamba amejibu:

Ndugu, anzeni na hema, maana hapo hesabu yenyewe inaweza kuwa sanaa.

Turubai la misaada la kawaida lina mita 4 kwa 5. Msitafute kubwa zaidi. Likunjeni katikati juu ya mwamba (mti wa juu unaobeba turubai) wa mita 5, na kila upande utabaki na mteremko wa mita 2. Sasa pigeni hesabu. Mwamba ukiwa mita 1.6 kutoka chini, upana wa sakafu ni mita 2.4, eneo mita za mraba 12. Ukishushwa hadi 1.4, upana ni kama 2.86 na eneo 14.3. Ukishushwa hadi 1.2, upana unafika 3.2 na eneo 16. Anayetaka kusimama anapoteza pa kulala, anayetaka pa kulala anatembea ameinama. Mpita njia na achague mwenyewe, kwa mikono yake.

Chini chora kwa chokaa vipande 5 vinavyopakana, kila kimoja mita 1 kwa 3.5. Hiyo mita za mraba 3.5 ndiyo kiwango cha chini cha Sphere (mwongozo wa kimataifa wa viwango vya misaada ya kibinadamu) cha mahali pa kukaa palipoezekwa kwa mtu mmoja, bila jiko wala bafu. Familia ya watu 5 inahitaji 17.5, na turubai hilo haliwezi kuzifunika hata mwamba ukishushwa hadi 1.2: kila kipande kitachomoza sentimita 15 kila upande. Mwamba ukipanda hadi 1.6, kinachomoza sentimita 55. Hapo hahitajiki mwelezaji, mtu anaona kwa macho yake miguu ya nani inalala nje.

Ujenzi. Nguzo mbili za mbao za inchi 2 kwa 4, urefu mita 2. Kwa kuwa sehemu ni lami, msizichimbie. Kila nguzo isimame kwenye msalaba wa mbao wa mita 1.2, ikazwe kwa mihimili ya mshazari pande mbili, na juu ya msalaba muweke viroba viwili vya mchanga vya kilo 25. Toboa nguzo kwenye 1.2, 1.4 na 1.6, tundu la milimita 16 kwa pini ya nondo ya milimita 12. Tundu likibana sana, mbao ikipata umande inavimba na pini haitoki. Mwamba uwe mwanzi mkavu wa mita 5.4, ulale juu ya pini na ufungwe kitanzi cha kamba usibingirike. Bomba la chuma ni zito na likianguka litamuumiza mtu. Kingo mbili ndefu za turubai zizungushieni upau wa inchi 2 kwa 2, na juu ya upau muweke viroba vidogo.

Hapa wengi hukosea: wanainua mwamba kwanza. Turubai linavutika, ringi za matundu zinachanika siku ya kwanza. Mpangilio sahihi ni kusogeza pau za pembeni ndani kwanza, ndipo kuinua. Kushusha ni kinyume chake: mwamba kwanza, pau baadaye. Kwa hiyo kazi inataka watu wanne kwa pamoja, wawili kwenye mwamba na wawili kwenye pau, na mara nyingi watakuwa hawajuani. Wekeni alama za rangi chini, mita 1.2, 1.43 na 1.6 kutoka mstari wa katikati, ili wajue pa kusimamisha pau. Mmoja wenu asimame pale muda wote, na watoto wasishike pini kwa sababu ya vidole.

Upepo: Juni ni kusi, yaani upepo wa kutoka kusini, na jioni karibu na bahari unazidi. Upepo wa mita 10 kwa sekunde ukipiga ubavu wa hema wenye kimo cha mita 1.6 na urefu wa mita 5 unasukuma kwa nguvu ya karibu kilo 50. Urefu wa hema ufuate upepo, mwisho wa kusini uzibwe kwa kitambaa, mlango uwe kaskazini. Mlango ukitazama kusi, turubai linajaa kama tanga na viroba vinaburutwa. Kamba za kukaza zitoke kwenye vichwa vya nguzo, siyo kwenye mwamba, maana mwamba unapanda na kushuka. Upande wa udongo tumieni vigingi vya sentimita 60, upande wa lami viroba viwili kwa kila kamba. Kamba zifungwe vitambaa vyeupe, mtu asijikwae.

Neno la mwisho kuhusu ukweli: msiandike "Hivi ndivyo wakimbizi wanavyoishi." Nyarugusu ipo tangu 1996 na familia nyingi zimejijengea nyumba za tofali za udongo. Turubai ni la siku na miezi ya mwanzo. Andikeni "Usiku wa kwanza."

---

ngata amejibu:

Mkuu fundi_mwamba kamaliza hema. Mimi nachukua maji na kadi.

Kiwango cha Sphere ni lita 15 kwa mtu kwa siku. Kunywa, kupika, kuoga na kufua humo humo. Watu 5 ni lita 75, yaani safari 4 za dumu la lita 20, la mwisho likiwa halijajaa. Bomba lisizidi mita 500 kutoka nyumbani. Safari 4 za kwenda na kurudi ni kilomita 4, mbili kati yake na mzigo kichwani. Kuzunguka ukingo wa eneo lenu ni mita 40, hivyo mita 500 ni mizunguko 12 na nusu. Chora njia, andika namba ya mzunguko chini, na mtu aruhusiwe kuweka dumu chini wakati wowote. Alipoliweka, abandike kipande cha utepe wa karatasi. Kufikia siku ya tatu njia nzima itakuwa imejaa alama za mahali watu walipochoka, na hiyo ni picha ambayo hamtaichora nyinyi.

Uzito: wekeni madumu ya lita 5, 10 na 20. Mtoto chini ya miaka 12 asipewe zaidi ya lita 5. Mjamzito na mwenye mgongo mbovu waelezwe kabla. Ngata za kanga ziwepo. Msijaze mchanga badala ya maji mkidhani ni nafuu. Lita 20 za mchanga mkavu zinapita kilo 30 na mtu anaumia shingo. Maji nayo yajae hadi mdomoni. Dumu la nusu linacheza, maji yanakwenda huku na huku na kumyumbisha aliyelibeba. Kifuniko kizungushiwe utepe wa mafundi bomba, la sivyo yatavuja na lami itateleza. Madumu yaliyokuwa na mafuta ya taa muyaache kabisa, harufu haitoki.

Kinachowagusa watu zaidi ni foleni. Kiwango ni watu 250 kwa bomba moja linalotoa lita 7.5 kwa dakika. Kwa kasi hiyo dumu la lita 20 linajaa kwa dakika 2 na sekunde 40. Ukiwa na watu 12 mbele yako, unasubiri dakika 32, wakati kiwango kinasema kusubiri kusizidi 30. Pangeni madumu 12 kwenye mstari kama watu wanavyofanya popote maji yanapokuwa ya shida: dumu linamshikia mwenyewe nafasi. Mgeni aweke lake la 13. Kila dumu liandikwe ubavuni kazi ya mwenye dumu: fundi cherehani, mkunga, mwalimu wa hesabu, dereva wa lori, mwanafunzi wa kidato cha tatu. Wenzenu wawili ndio wachague kazi hizo, kutokana na watu wanaowafahamu, bila majina. Mgeni anaposogea anasukuma kila dumu mbele kwa zamu, na anakuwa amewasoma wote.

Bomba lenyewe: pipa la lita 200 juu ya kinara cha mita 1, koki ya inchi nusu, na sinki la kukinga chini. Pimeni kwa dumu na saa mpaka ipatikane 2:40. Maji yakipungua kwenye pipa msukumo unapungua na dumu litachukua dakika 4 au zaidi, kwa hiyo pimeni tena kila baada ya saa mbili au mjaze pipa likifika nusu. Maji ya maonyesho yasimwagwe. Mkimwaga maji mbele ya watu wa mji huu mtakuwa mmeharibu ujumbe. Aliyebeba arudishe kwenye pipa la chini, kisha pampu ndogo ya volti 12 yenye betri ya gari iyapandishe. Msimwachie mgeni anyanyue kilo 20 hadi kifuani.

Kadi. Karatasi zitaruka na zilizopakwa plastiki zinang'aa juani hazisomeki. Tengenezeni vibao vya plaiwudi ya milimita 6, sentimita 10 kwa 15, michoro ya brashi, vitu 20, vibao 40 kwa kila kitu. Madaktari Wasio na Mipaka walizungusha maonyesho ya aina hii Marekani kuanzia 2016: mgeni anachagua vitu 5, na njiani anaviacha kimoja kimoja, akiongozwa na mfanyakazi aliyetumika kwenye dharura hizo. Kinachofanya kazi hapo ni kuviacha, kuchagua ni rahisi tu. Wekeni vituo vitatu, na kila kituo kiwe na sanduku lenye uso wa plastiki angavu ambamo kibao kinadondoka na hakirudi. Jioni wapita njia wataona mji huu uliacha nini. Kosa la kawaida ni kuweka vitu vya kutisha au vya huruma tupu. Wekeni vya kawaida: cheti cha kuzaliwa, dawa ya kisukari, chaja, sufuria, jembe, picha ya harusi, ufunguo wa nyumba, sare ya shule, redio. Ufunguo wa nyumba huzua mazungumzo marefu, maana hauna kazi tena na bado watu wanaukumbatia.

Mtu akimaliza, msimpe cheti wala zawadi.

---

mlango_wazi amejibu:

Naheshimu kazi ya waliotangulia, lakini nina jambo. Dumu kichwani kwa mizunguko kadhaa halimfundishi mtu ukimbizi. Atakayelishika atajifunza uzito wa dumu, na mama wengi wa Mbagala wanaujua tangu utotoni. Mkiacha hapo, mgeni anaondoka na huruma, na huruma inaisha kabla hajapanda daladala. Kazi imalizike kwa mgeni kufanya jambo la mwenyeji.

Tazameni Amal, kikaragosi wa mita 3.5 aliyetengenezwa na kampuni ya vikaragosi ya Handspring ya Cape Town, akiwa mfano wa msichana wa Syria. Mwaka 2021 alitembezwa kutoka Gaziantep, Uturuki, hadi Manchester, karibu kilomita 8,000. Watazamaji hawakuambiwa wateseke naye. Kila mji uliambiwa umpokee, kila mmoja kwa namna yake. Pia zile pembea za kupanda na kushuka za rangi ya waridi ambazo wabunifu Ronald Rael na Virginia San Fratello walizipitisha kwenye ukuta wa mpaka wa Marekani na Meksiko Julai 2019. Zilikaa kama dakika 40 tu, lakini hakuna anayepanda bila wa upande wa pili kushuka. Hema la fundi_mwamba lenye watu wanne linafanya hivyo hivyo, ndiyo maana nalipenda kuliko madumu.

Sisi tunayo methali: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Itumieni. Tundikeni jembe halisi kwenye njia ya kutokea, lifungwe mnyororo, na mgeni aelezwe kwa nini: chini ya Sheria ya Wakimbizi ya 1998, mkimbizi Tanzania hutakiwa kukaa eneo lililotengwa, na kutoka au kufanya kazi kunahitaji kibali. Kando yake muweke upande wa pili wa historia yetu wenyewe. Warundi waliokuja 1972 walipewa ardhi Ulyankulu, Katumba na Mishamo, wakalima wakajitegemea, na mwaka 2014 zaidi ya 160,000 kati yao na watoto wao walipewa uraia. Hapo liwekwe jembe bila mnyororo. Maelezo yawe ya sheria na tarehe, bila kushambulia ofisi yoyote. Mtu mwenyewe atapima.

Sasa vibali na usalama wa wenzenu, hapa msifanye haraka. Barua kwa mkurugenzi wa manispaa kwa ajili ya eneo, nakala kwa serikali ya mtaa na mtendaji wa kata, taarifa polisi, na BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) kwa upande wa sanaa. Ambatanisheni mchoro wa eneo na ratiba, wiki sita kabla. Wenzenu wakimbizi walipwe sawa na msanii yeyote kwenye kikundi, na wawe na neno la mwisho juu ya kila maandishi. Msialike mkimbizi mwingine kuja kusimulia hadharani kabla ya kujua kibali chake kinasemaje. Picha moja mtandaoni inaweza kumponza yeye au ndugu aliyebaki nyumbani. Hakuna sura, hakuna jina la kijiji, hakuna namba ya nyumba ya kambini. Sauti na picha ni taarifa binafsi chini ya sheria ya 2022 ya ulinzi wa taarifa binafsi, kwa hiyo ridhaa iandikwe kwa lugha anayoisoma mhusika, ikitaja itatumika wapi, mpaka lini, na jinsi ya kuiondoa.

Nembo ya UNHCR (shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi) msiichore wala kuichapa bila idhini yao ya maandishi. Turubai lenye nembo linalouzwa sokoni msilinunue. Chukueni jeupe tupu.

Na tafadhali: pasiwe na mtu wa kuvaa sare, bunduki za mbao, wala kelele za kufukuza. Kati ya wapita njia yumo aliyekimbia kweli, na hamtamtambua. Wekeni bango mlangoni linalosema ndani kuna nini, na njia ya kutoka kila kituo.

---

chaki_nyeupe amejibu:

Nianze na kichwa cha ubao, nakiomba kibadilike. Mwishoni mwa 2024 waliolazimika kuhama makwao duniani walikuwa milioni 123.2. Wakimbizi kati yao, yaani waliovuka mpaka, ni milioni 42.7, wengi wa waliobaki ni wakimbizi wa ndani ya nchi zao. Mkiandika "wakimbizi milioni 120", mtu anayejua atawaacha papo hapo. Pili, swali la "unawaonaje" linaita matusi na hotuba. Linamweka mwandishi kwenye kiti cha hakimu.

Msanii Candy Chang alipopaka rangi ya ubao ukuta wa nyumba iliyotelekezwa New Orleans mwaka 2011, aliandika sentensi moja isiyokamilika, akairudia mstari baada ya mstari, kila mmoja na nafasi wazi. Nguvu yake ilikuwa hapo: nafasi ni fupi, sentensi imeshaanza, na aliyekutangulia kaandika jambo lake la ndani, nawe unaona haya kuandika upuuzi. Kwenu ningeandika: "Nilipokuwa mgeni, aliyenipokea alikuwa ______". Kila mtu Dar alifika siku moja kwa shangazi, kwa rafiki wa kaka, kwa mama mwenye nyumba. Anaanza na lake, na mlango wa kumwelewa mwingine unafunguka. Hilo linajibu pia hoja ya mlango_wazi.

Vipimo. Plaiwudi 3 za milimita 18, futi 8 kwa 4, zilale kwa upana, ukingo wa chini uwe sentimita 60 kutoka ardhini ili mtoto na mwenye kiti cha magurudumu wafikie. Mistari kila sentimita 10, safu mbili kwa ubao. Mstari wa juu uwe wa kichwa, mnabaki na nafasi 66. Herufi za kichwa zisipungue sentimita 10, zitasomeka vizuri mita 12.

Kupaka. Msasa namba 120, futa vumbi kwa kitambaa kibichi, acha pakauke kabisa. Praima mkono mmoja (yaani kupaka mara moja), kingo mikono miwili, maana maji huingilia kingoni na plaiwudi inafumuka. Kisha rangi ya ubao mikono 3 kwa rola ya sponji, mkono wa pili ukatishe ule wa kwanza, saa 4 kati yake. Eneo lote ni kama mita za mraba 9 na lita moja hufunika karibu 10, kwa hiyo kopo la lita 4 linatosha na linabaki. Msikubali rangi ya mafuta inayong'aa, chaki itateleza. Rangi ya ubao ikikosekana, chukueni rangi ya maji nyeusi isiyong'aa, na kwa kila kikombe muweke vijiko viwili vya unga laini wa kujazia vigae, usio na mchanga. Koroga mpaka mabonge yaishe, na changanyeni kidogo kidogo kwa sababu inaganda.

Iacheni siku 3 kabla ya kuandika. Halafu hatua ambayo wengi huiruka: laza chaki kwa ubavu, paka ubao mzima mweupe, ufute kwa kitambaa kikavu. Usipofanya hivyo, maandishi ya kwanza yanazama kwenye vinyweleo vya rangi na hayafutiki tena. Sentensi yenyewe iandikwe kwa kiolezo cha kadibodi na rangi nyeupe ya kudumu.

Chaki zikatwe nusu, ziwe kwenye makopo matano yaliyofungwa kwenye ubao. Pawepo mwandishi wa kumsaidia asiyeandika, na Kirundi, Kifaransa na lugha nyingine zote ziruhusiwe. Ubao ukijaa, piga picha ya maandishi bila watu, kisha futa safu moja moja, msifute wote kwa mpigo. Ubao mtupu unaogopesha wa kwanza. Tusi linafutwa kwa kitambaa kibichi bila mabishano. Mtu akiandika kuwa hakubaliani, linabaki.

Kuhusu kupiga picha, usikataze. Weka ubao mkabala na hema ili atakayepiga picha hemani apate maandishi nyuma yake.

---

rangi_na_turubai ameandika:

Asanteni sana, wakuu. Tumekaa na kubadilisha: kichwa cha ubao ni cha chaki_nyeupe, jembe litawekwa, dumu la lita 20 litabaki kwenye foleni tu na njia itumie la lita 10. Wenzetu wawili wameomba pia pawe na sauti, Kirundi na Kiswahili cha Kongo, wakieleza jinsi ya kupika chakula wanachokipenda. Bila umeme na makelele ya daladala, tunafanyaje?

---

ngata amejibu:

Kueleza chakula ni wazo zuri sana, lishikeni.

Spika ya wazi hapo haitashinda honi. Chukueni mitungi mitatu ya udongo yenye shingo nyembamba, na ndani ya kila mmoja spika ndogo ya kuchaji inayosoma kadi ya kumbukumbu. Shingo inakusanya sauti, mtu anainama na kutega sikio. Msitumie spika inayounganishwa na simu bila waya: muunganisho ukikatika inajizima, na kijana yeyote anaweza kuunganisha simu yake akaweka muziki. Rekodi iwe sekunde 60 hadi 90, ijirudie, na kimya cha sekunde 5 katikati. Chini ya spika wekeni sponji, la sivyo mtungi utavuma na maneno hayatasikika. Mitungi ipishane mita 2.5, iwe upande ulio mbali na barabara, kwenye meza yenye kimo cha sentimita 70. Kando yake kibao chenye maneno yote kwa Kiswahili sanifu, kwa ajili ya asiyesikia pia. Spika za akiba ziwe tatu, mbadilishe saa 7 mchana.

Warekodi chumbani chini ya blanketi, simu ikiwa umbali wa shibiri moja kutoka mdomoni. Na wakitaka msomaji mwingine asome maneno yao badala ya sauti zao, iwe hivyo.

---

fundi_mwamba amejibu:

La kuongeza kwenye maandishi ya mlangoni: kabla ya 2001, tarehe 20 Juni ilikuwa Siku ya Wakimbizi Afrika, kwa sababu siku hiyo mwaka 1974 Mkataba wa wakimbizi wa 1969 wa OAU (Umoja wa Nchi Huru za Afrika) ulianza kufanya kazi. Umoja wa Mataifa uliichukua kutoka kwetu. Watu wengi hawalijui hili na wanastahili kulijua.

Kila jioni shusheni mwamba hadi chini, mkunje turubai likiwa kavu. Upepo wa usiku ndio unaovunja nguzo, na hakuna mtu wa kukaza kamba.

Na pangeni mapema vifaa vitaenda wapi. Msanii wa Ufaransa anayeitwa JR alipofunika mapaa ya Kibera, Nairobi, kwa picha mwaka 2009, mita za mraba 2,000, alizichapa kwenye vinili isiyopitisha maji ili wenye nyumba wabaki na paa lisilovuja. Madumu yaliyotumika kwa maji safi yanafaa kwa familia yoyote, plaiwudi za ubao shule itazipokea. Turubai msiligongee msumari wala kulitoboa katikati hata mara moja, tumieni matundu ya pembeni tu. Likishatobolewa halimfai tena mtu wa kulalia chini yake.